Jina Ambalo Sikuweza Kuliita

Vijana wa kaunta, mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu kwenye usajili wa vizazi na vifo, mpate cha kusoma asubuhi mkingoja kompyuta ziwake. Sawa. Mambo ya vyeo na mshahara nayaacha. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaambia habari ya kosa moja nililolifanya nikiwa na wiki tatu kazini, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi, na kwa sababu lilikaribia kumtoa mwanamke wa watu nyumbani kwake.

Kwanza mnijue. Mimi ni Ndunge. Nimezaliwa upande wa Makueni, karibu na Kiboko, nikaolewa Kabati, na kazi nikaianzia kwenye ofisi moja ndogo upande wa Mwingi ambayo siku hizi ni duka la mbegu. Wakati huo nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu. Baba mkwe wangu aliitwa Kilonzo. Kuliandika jina lake siogopi, maana mkono haujawahi kunisumbua. Shida yangu ilikuwa mdomo.

Wengi wenu mlizaliwa mjini, kwa hivyo nitaeleza. Kwetu Ukambani mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Tunaita nthoni. Ni heshima na haya vikiwa pamoja: humtazami machoni, humpi kitu mkono kwa mkono, ukimwona njiani unakaa kando apite, na jina lake halikutoki mdomoni. Na si yeye peke yake. Mwingine akiwa na jina hilo hilo, hata kama ni mchungaji au mtoto wa jirani, naye unamtafutia jina lingine. Sasa fikirieni. Ukambani Kilonzo ni wengi ajabu, na kazi yangu ilikuwa kuita watu kwenye laini.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Mutinda, karani wa miaka mingi, mtu mkavu, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Siku ya kwanza alinipa kalamu ya wino mweusi, rula ya mbao, muhuri, na kitambaa cha kufutia vidole. Akaniambia wino wa bluu ni wa barua za mapenzi. Kisha akanifungulia kitabu kikubwa, kile ambacho nyinyi mmekiona tu kule stoo kikiliwa na mende, akasema, "Ukikosea usifute. Piga mstari mmoja kwa rula, andika juu yake, weka sahihi. Mtu akija baadaye aone kwamba tulikosea na tukajua."

Siku ya pili nikapewa bunda la vyeti niite wenyewe. Cha juu kabisa kilikuwa cha mtoto wa Kilonzo fulani. Nikakishika. Nikakohoa. Nikatazama watu kwenye benchi, nikasema, "Wewe wa shati la kijani, njoo." Kumbe wa shati la kijani alikuwa amemsindikiza dada yake tu! Nikajaribu wa kofia. Naye siye. Mutinda akaja, akasoma kile cheti, akanitazama usoni.

"Baba mkwe?" akauliza.

"Eeh."

"Wa wapi?"

"Kabati."

"Haya. Hao wote niachie mimi."

Tangu siku hiyo kila Kilonzo aliyekuja ofisi ile aliitwa na Mutinda, na wao walidhani wanapewa heshima ya kuhudumiwa na mkubwa.

Basi, wiki ya tatu, siku ya soko, akaja Mwikali. Laini ilikuwa imetoka mlangoni ikafika kwenye bomba. Alikuwa msichana mwembamba, mtoto wa wiki chache mgongoni, na alikuja peke yake. Mume wake, Muli, alikuwa akifanya kibarua mashambani huko Kiboko, anarudi mwisho wa mwezi. Alikuwa amemwachia kitambulisho ili mambo ya fomu yasikwame. Nikamuuliza kama nilivyouliza wale kumi waliomtangulia.

"Mtoto anaitwa nani?"

Akainamisha kichwa. Akavuta leso ikafunika nusu ya mdomo. "Ni musyoka," akasema, kwa sauti ya chini sana.

Nikaandika: Musyoka. Nikachukua kitambulisho cha mume, nikanakili: Muli Kilonzo. Muhuri, sahihi, anayefuata.

Najua mnaona kosa liko wapi, lakini subirini. Musyoka ni jina, na limejaa kila kijiji. Ila pia ni neno la kawaida tu la Kikamba, maana yake aliyerudi. Na mnajua kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake. Tunasema mzee amerudi, hata kama mzee mwenyewe yuko hai na ana nguvu za kupasua kuni. Mwikali hakunipa jina. Alikuwa analikwepa jina. Baba mkwe wake alikuwa Kilonzo, kama wangu, na yeye hakuweza kulitamka, kama mimi. Akanipa neno la pembeni akitarajia kwamba mwanamke mwenzake, mke wa Mkamba kama yeye, atauliza swali linalofuata: aliyerudi ni nani?

Sikuuliza. Mimi, ambaye juzi tu nilikuwa nikiita watu kwa rangi ya shati! Nililiandika lile Kilonzo kwa mkono wangu mwenyewe, mistari michache chini, na bado sikushtuka. Tungekutana kisimani na mitungi yetu ningemwelewa kabla hajamaliza. Lakini nilikuwa nyuma ya kaunta, nina kalamu, na nilijiona mtu wa serikali.

Nyuma yake kwenye laini alikuwa amesimama Halima, mama Msomali aliyekuwa na duka la vitambaa pale mjini. Aliinama juu ya kaunta akaniambia, "Huyu dada hajamaliza kusema." Nikamjibu angoje zamu yake.

Zamu yake ilipofika alinitoa jasho. Alikuja kumsajili binti yake, Nasra. Nikauliza majina mengine, akaanza: la baba, la babu, la babu wa babu, anateremka tu kama mtu anayesoma orodha ukutani. Alipofika wa saba nikamwambia fomu ina nafasi ya majina matatu.

"Matatu tu?" akasema. "Basi fomu yenu haina ukoo."

Kwenye nafasi ya mama nikamwandika Halima, nikaunganisha na jina la mume, vile tulivyozoea. Akasoma akiwa upande wa pili, herufi kwake ziko kichwa chini miguu juu, akapiga kaunta. "Toa hilo! Mimi ni binti ya baba yangu. Kuolewa nimeolewa, lakini baba amenikosea nini mpaka nimwache?" Nikapiga mstari kwa rula, nikaandika juu yake. Mutinda alikuwa anacheka ndani ya kikombe.

Miezi ikapita. Mwikali akarudi asubuhi moja kabla hatujafungua, mtoto sasa ameota meno mawili. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi. Alifungua leso, akatoa cheti kimekunjwa mara nne, akakiweka juu ya kaunta, akakinyoosha kwa kiganja.

"Madam," akasema, "sikuja kukulaumu. Uliandika nilichosema."

Halafu akanieleza. Walimpeleka mtoto kanisani kuwekwa wakfu. Baba mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa, alikaa mbele kabisa na koti jipya, ameita ndugu na majirani waje kusikia jina lake likipewa mjukuu. Mchungaji akamshika mtoto, akafungua cheti, akasoma kwa sauti ya kusikika kanisa zima: "Musyoka Muli!" Watu wakasema amina. Mzee hakusema amina. Alivaa kofia yake humo humo ndani, akatoka.

Sasa mjue hapo palikuwa na kidonda kingine. Kwetu ndoa inasimama kwa mbuzi watatu wanaoitwa ntheo. Mume anaweza kukaa na mke, kujenga, kuzaa, lakini kabla mbuzi hao hawajafika kwa wazazi wa mke, bado huyo ni mtoto wa kwao, na watoto wake vile vile. Muli alikuwa hajawapeleka. Walikuwa bado wanakua. Na ukoo wa Mwikali una babu wa zamani aliyeitwa Musyoka. Nani Ukambani hana Musyoka? Lakini mzee alipohesabu mambo hayo mawili alipata jibu moja: wakwe zake wanamwambia mbele ya kanisa kwamba mbuzi hawajafika, kwa hivyo mtoto ni wao.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Hakuniambia mimi. Alimwambia Muli alipokuja mwisho wa mwezi. Kwamba mtoto akishaitwa wa kwao, akalelewe kwao. Na mbuzi hawaendi tena."

"Na Muli?"

"Aliniuliza nilisema jina gani ofisini. Nikamwambia nilisema ni musyoka. Akasema, basi si ulisema!" Hapo akaanza kulia. "Madam, ningemwelezaje? Kila nikifika kwenye lile jina, siwezi. Nikisema nilimaanisha baba yake, anasema najitetea tu. Mama mkwe alishafariki, hakuna wa kunisemea. Sasa niko kwetu wiki ya pili. Dada zangu wananiuliza nitarudi lini."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mwanamke huyu alikuwa anapoteza nyumba kwa sababu ya heshima yake kwa mzee, na mzee anamfukuza akidhani amemdharau. Na katikati yao kuna mimi na kalamu yangu nyeusi.

Mutinda alisoma cheti, akakirudisha. Nilingoja anigombeze. Akafungua droo, akatoa fomu ya kurekebisha jina, akanipa. "Mtoto bado mdogo, sheria inaruhusu," akasema. "Lakini ukijaza hapa ukampa hii karatasi, mzee ataona tu kwamba mmeogopa mkabadilisha. Nenda kwake. Yeye ndiye alitaje jina, wewe uandike."

"Twende wote, Mzee."

"Mimi nikienda itakuwa baraza. Halafu kosa si langu."

Mara Halima akaingia kuchukua cheti cha Nasra, akatukuta hivyo, Mwikali analia na mimi nimeshika fomu. Akauliza, akaambiwa. Hakunikumbusha kwamba alinionya, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alisema tu, "Shemeji yangu anaenda upande huo kununua mbuzi, gari liko hapo nje. Twendeni."

Tukiwa njiani akauliza, "Huyo mzee anaitwa nani?"

Mwikali akatazama nje. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Hamjui jina lake?"

"Tunalijua," nikasema.

"Basi semeni."

Ikabidi nitoe kalamu, niandike kwenye kipande cha karatasi, nimpe. Akasoma kwa sauti: "Kilonzo." Mwikali akajifunika leso uso mzima, mimi nikashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Yule shemeji yake akageuka kutoka usukani kuona kama kuna aliyeumia. Halima alitutazama mmoja mmoja, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi, nyinyi! Sisi tunahesabu mababu mpaka usingizi unakuja, nyinyi mmoja tu amewafunga midomo!"

Mzee tulimkuta uani kwake amekaa kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe kwa shoka dogo. Mwikali alibaki langoni nyuma ya mkonge, mtoto mgongoni. Mzee alimwona, najua alimwona, lakini aliendelea kuchonga. Tukasalimia. Akaitikia bila kuinua macho.

"Mzee," nikasema, "mimi natoka ofisi ya vyeti. Nimekuja kwa sababu kosa la jina ni langu, si la huyu."

"Mama ya mtoto alisema nini?"

"Alisema ni aliyerudi. Mimi nikaandika kama ni jina."

Shoka likasimama. "Aliyerudi nani?"

Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, nilikuwa nimetoka na fomu, muhuri na nia njema, na sikuwa nimepanga swali hilo! Nilifunga mdomo. Nikafungua tena. Nyuma yangu niliwasikia kuku wakichakura, na niliona uso wa mzee unaanza kuwa mgumu, maana kwake ilikuwa kama nimekosa jibu kwa sababu sina.

"Aliyerudi ni wewe!" Halima akasema, akapita mbele yangu. "Kilonzo! Huyu mtoto ni Kilonzo. Binti yako hawezi kukutaja, anakuheshimu sana. Na huyu wa serikali naye amekwama, maana baba mkwe wake pia ni Kilonzo. Nimekuja na mabubu wawili! Mimi ndiye nina mdomo. Kilonzo, Kilonzo, Kilonzo. Basi?"

Mzee aliweka shoka chini taratibu. Akanitazama mimi, si Halima.

"Wewe ni wa Kilonzo wa wapi?"

"Kabati."

"Na humtaji?"

"Simtaji, mzee."

"Na kazini wakija akina Kilonzo?"

"Nilianza kuwaita kwa shati."

Aliguna. Bega moja likatikisika, halafu lingine, na ndipo nikajua anacheka. "Nimerudi," akasema, "na sijaenda popote!" Akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha uso ukabadilika, akawa anaangalia kule langoni kwenye mkonge. "Amekaa kwao wiki ngapi?"

"Hii ya pili."

"Nimezeeka vibaya," akasema.

Akainuka akaenda langoni mwenyewe. Mwikali alipomwona anakuja aligeuka akampa mgongo, kama inavyopasa, na mgongoni ndiko alikokuwa mtoto. Wakatazamana, Kilonzo mkubwa na Kilonzo mdogo. Mzee hakumgusa. Mwikali alifungua leso, akamshusha mtoto akanipa mimi, na mimi nikampa mzee. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Mtoto akashika kitufe cha koti akakitia mdomoni.

Niliweka fomu juu ya kigoda. "Mzee, jina la mtoto?"

"Si umeambiwa na huyu mama?"

"Lazima nilisikie kutoka kwako."

Akanyoosha shingo kama anaapishwa. "Kilonzo," akasema. Nikaandika kwa herufi kubwa, akaweka sahihi. Mwikali hakurudi na sisi.

Mbuzi watatu walipelekwa mwezi uliofuata. Nilialikwa. Nilikula nyama nyingi kuliko inavyofaa mtumishi wa umma.

Kutoka hapo nikajiwekea sheria, ile ambayo wote mliopita mikononi mwangu mmeimba mpaka mkaichukia: hakuna jina linaloingia kitabuni kabla sijalisikia kutoka kwa mtu anayeweza kulitaja. Mama akijibu kwa sauti ya chini, au akivuta leso, wacha kalamu. Usimuulize mtoto anaitwa nani. Muulize amepewa jina la nani. Akisema "mzee wa kwetu", tafuta aliyekuja naye, tuma mtu amwite mume, omba hata mpita njia. Msijaze wenyewe kwa sababu mnajua. Hasa mkijua.

Sheria hiyo ilinisaidia baadaye nilipohamishiwa Kitui. Alikuja bibi mmoja mzee na msichana mwenye kichanga. Kwenye nafasi ya baba, bibi akasema, "Andika mimi." Kijana niliyekuwa naye akacheka, nikamkanyaga mguu. Bibi hakuwa amepata mtoto wa kiume, kwa hivyo alitoa mbuzi akaoa msichana, ili nyumba ya marehemu mume wake isizimike. Mila inaruhusu, na mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Fomu haikuwa imesikia habari hizo. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Tukaacha nafasi ya baba wazi, mtoto akapata jina la yule marehemu, na bibi nikamwandika mahali pa mtoa habari, herufi kubwa. Aliniomba nimwonyeshe ni wapi, akaweka kidole hapo akakiacha kwa muda.

Makueni nako, nilikohamishiwa pia, niliona yangu, lakini nikianza hatutamaliza.

Habari ya Mwikali ilifika Kabati kabla yangu, nadhani kwa njia ya mume wangu ambaye hawezi kukaa na jambo. Baba mkwe wangu aliicheka siku tatu. Halafu akamtuma mume wangu aniambie hivi: "Mwambie mimi simdai kunitaja. Lakini siku yangu ikifika, yeye ndiye mtu wa vyeti. Alitamke jina langu sawasawa. Sitaki kuzikwa nikiwa Musyoka."

Tulicheka. Miaka ikaenda, mingi. Mutinda akastaafu, vitabu vikaenda stoo, kompyuta zikaja. Halima alihamisha duka akawa na maduka matatu, na kila Idi alinitumia sambusa na salamu moja tu: "Umeshasema?" Sikuwa nimesema. Hata nilipokuwa mkubwa wa ofisi, akina Kilonzo wote waliitwa na karani mwingine.

Mzee wetu alifariki mwaka huu, mwezi wangu wa mwisho kazini, amelala tu, na kwa umri ule hakuna aliyemlilia kwa uchungu. Tulipomaliza mazishi mume wangu akasema, "Nenda wewe ushughulikie cheti, si ni ofisi yako." Nikaenda. Na kwa mara ya kwanza maishani nikapanga laini upande wa pili wa kaunta, na benchi lile ni gumu, jamani, mlitafutie mto.

Kwenye kompyuta alikuwa Faith. Faith, unaposoma haya usijifiche. Mimi ndiye niliyekufundisha.

"Pole sana, Madam," ukasema. "Jina la marehemu?"

"Ni mzee wetu."

"Najua, Madam. Jina."

"Faith, si unajua jina langu la pili, lile la ndoa? Si umeliona kwenye barua zote?"

Uliinua mikono kutoka kwenye kibodi. "Madam, sheria ni yako. Msijaze kwa sababu mnajua."

Nikageuka kutafuta mtu wa kwetu kwenye laini. Hakuna. Halima yuko Mwingi. Mutinda ameshatangulia. "Ni yule wa Kabati," nikasema, na nilikuwa nimevuta leso mdomoni bila kujua, vile vile kama Mwikali. Nilimwona mbele yangu, bado msichana, mtoto mgongoni, anangoja karani amwelewe.

"Niandike yule wa Kabati?" ukauliza, kwa upole kweli.

Nikakumbuka ule ujumbe wa mzee. Sitaki kuzikwa nikiwa Musyoka. Tulikuwa tumeshamzika, lakini cheti kilikuwa bado. Nikashusha leso, nikavuta pumzi, na kwa sababu nilikuwa nimeliweka jina hilo ndani miaka yote ya ndoa yangu, lilitoka kwa nguvu ambayo sikuitarajia.

"Kilonzo!"

Nyuma yangu, kwenye benchi, wakasimama wanaume watatu. Mmoja alikuwa na fimbo, mwingine na simu sikioni, wa tatu kijana wa buti za gereji.

"Ni zamu yangu?" yule wa fimbo akauliza.

Nilikuwa ninacheka na machozi yananitoka, yote pamoja. "Kaeni tu," nikawaambia. "Namwita baba yangu."